Waliojenga Mbandaka walirudi kwao na kazi mkononi

Kuna gari ambalo watoto wa Kivu wanalitambua kabla halijapiga honi. Ni jeupe, lina bendera ya shirika, na linapanda mlima bila kukwama. Wageni wanashuka, wanavaa glovu, wanabeba mbao mbili tatu, wanapiga picha na watoto, na jua likianza kushuka wanarudi hotelini. Baada ya wiki mbili wako kwao Ulaya au Marekani. Familia inayobaki chini ya shitingi inajiuliza: wale watu wakifika kwao, wanafanya nini? Wanakumbuka? Au ile picha ndiyo mwisho wa habari?

Swali hilo si la ubaya. Mgeni aliyekata tiketi kwa pesa yake ili aje kuchanganya simenti hakuja kuiba kitu cha mtu. Lakini kazi ya kujitolea ugenini haipimwi kwa siku zile za ugenini peke yake. Inapimwa vizuri zaidi pale mtu anaporudi kwake na kuangalia mtaa wake mwenyewe. Na Kongo ina mfano mmoja mkubwa wa jambo hilo, mfano ambao wanainchi wengi hawaujui, ingawa ulitokea hapahapa inchini, kwenye ukingo wa mto, katika mji wa Mbandaka.

Millard Fuller alizaliwa mwaka 1935 huko Lanett, mji mdogo wa jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Alisomea sheria, akafanya biashara, na kabla ya kufikisha miaka 30 alikuwa tayari milionea. Mwaka 1965 ndoa yake ilikaribia kuvunjika, maana nyumba ilikuwa na kila kitu isipokuwa baba wa nyumba. Yeye na mke wake Linda wakakaa chini, wakazungumza, wakauza mali yao na kugawa pesa. Ni jambo la kushangaza hata leo, na majirani wao bila shaka walidhani wamerukwa na akili.

Walifika katika shamba moja karibu na mji wa Americus, jimbo la Georgia, linaloitwa Koinonia. Shamba hilo lilianzishwa mwaka 1942 na Clarence Jordan, na watu weusi na weupe walilima pamoja na kula meza moja, wakati ambapo kufanya hivyo kusini mwa Marekani kulikuwa hatari. Walipigwa risasi, walirushiwa mabomu, maduka ya mji yalikataa kuwauzia bidhaa. Mwaka 1968 Jordan na Fuller walianza mpango wa nyumba kwa ajili ya familia maskini za jirani, ambazo nyingi zilikuwa za watu weusi walioishi katika vibanda vya mbao visivyo na maji. Mpango ulikuwa mwepesi kueleza: familia inajenga pamoja na wanaojitolea, inalipa bei ya nyumba kidogo kidogo, bila faida na bila riba, na pesa inayolipwa inaingia katika mfuko wa kujenga nyumba nyingine. Jordan alifariki mwaka 1969, kazi ikiwa bado changa.

Mwaka 1973 Fuller, mke wake na watoto wao wanne walihamia Mbandaka, wakitumwa kupitia kanisa la Disciples of Christ, ambalo lina mizizi ya zamani katika jimbo la Équateur. Hawakuja kwa wiki mbili. Walikaa miaka mitatu, na watoto walikula na kucheza palepale.

Inafaa kukumbuka mwaka 1973 ulikuwa mwaka gani. Inchi iliitwa Zaire. Tarehe 20 mwezi wa 7 ilitoka sheria ya ardhi, ile namba 73-021, inayosema kwamba udongo wote wa inchi ni mali ya taifa na kwamba mwanainchi anapewa haki ya kuutumia, si udongo wenyewe. Tarehe 30 mwezi wa 11 Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatapewa Wazaire, na katika miezi iliyofuata bidhaa zikaanza kupotea madukani. Kujenga nyumba za simenti katika mji wa mbali, wakati mzigo kutoka Kinshasa unapanda mto kwa boti siku baada ya siku, haikuwa kazi ya mchezo.

Sehemu waliyojenga ilikuwa na jina lenye uchungu. Iliitwa Bokotola, maana yake mtu asiyependa wengine. Wakati wa ukoloni, mji ulipoitwa Coquilhatville, uwanja huo uliachwa wazi ili kutenganisha mtaa wa wazungu na mtaa wa weusi. Miji mingi ya Kongo iliyojengwa na Wabelgiji ilikuwa na uwanja wa namna hiyo, na wazee wa Bukavu na Lubumbashi wanajua ulipopita. Pale Mbandaka, nyumba za wanainchi zilisimama juu ya mpaka huo, na mahali pakapewa jina jipya: Losanganya. Anayesikia Lingala atalielewa haraka, na hata Mswahili atasikia ndani yake mwangwi wa neno kusanyika.

Sasa ndipo habari yenyewe inapoanza. Mwaka 1976 familia ya Fuller ilirudi Georgia. Wangeweza kufanya kama wengi: kuonyesha picha kanisani, kusimulia joto na mbu, na kurudi kwenye maisha. Badala yake, mwaka huohuo waliwaita marafiki wachache pale Koinonia na kuanzisha shirika la Habitat for Humanity. Kile walichojaribu kwanza kwao, kisha wakakifanya kwa ukubwa Mbandaka, walikitoa Kongo na kukirudisha Marekani na kwenye inchi nyingi za dunia. Mwaka 1984 Jimmy Carter, rais wa zamani, ambaye kijiji chake cha Plains kiko karibu na Americus, alishika nyundo na kwenda na wenzake kukarabati jengo bovu mjini New York. Aliendelea na kazi hiyo kila mwaka hadi uzee mkubwa. Mwaka 2002 alikuwa Durban, Afrika Kusini, ambako nyumba 100 zilijengwa katika wiki moja. Na yeye mwenyewe aliendelea kuishi katika nyumba ileile ya kawaida aliyoijenga Plains mwaka 1961.

Kuna jambo moja katika habari hii ambalo lingefaa kusemwa kila mara shirika linapoomba vijana wa kujitolea. Fuller hakurudi Marekani akisema Waafrika ni maskini, tuwahurumie. Alirudi na kuona kwamba karibu na nyumbani kwake pia, katika inchi tajiri kuliko zote, watu walilala chini ya paa linalovuja. Kukaa Mbandaka kulimfungua macho juu ya Georgia. Kama mgeni anayekuja Kalehe au Fizi anarudi kwao bila kuona maskini wa mtaa wake, safari yake ilikuwa utalii wenye jasho.

Tusemwe pia upande wa pili ulivyo, maana Fuller hakuwa malaika. Mwaka 2005 baraza la shirika alilolianzisha lilimwondoa baada ya mzozo, akaenda kuanzisha lingine la namna hiyohiyo, na akafariki mwaka 2009. Mpango wake nao ulikuwa na tundu ambalo Mkongomani analiona mara moja. Kukopesha bila riba ni jambo jema pale pesa inapokaa na nguvu yake. Zaire haikukaa. Mwaka 1993 serikali ilitoa zaire mpya, na moja ilibadilishwa kwa zaire milioni 3 za zamani. Mtu aliyekuwa na deni la nyumba la mwaka 1975 angeweza kulimaliza kwa bei ya sabuni, na mfuko wa kujengea jirani ungekufa hapohapo. Mpango mzuri uliotoka katika inchi yenye dola hauwezi kutua katika inchi nyingine bila kurekebishwa.

Na jambo hili linagusa watu ambao leo hawana paa.

Tarehe 4 mwezi wa 5 mwaka 2023 ilikuwa Alhamisi, siku ya soko Nyamukubi. Mvua ilishuka milimani, maji yakabeba mawe na udongo, na vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, katika teritwari ya Kalehe, vikafagiliwa. Zaidi ya watu 400 walizikwa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Miaka miwili hivi kabla, tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021, Nyiragongo ilimwaga moto juu ya vijiji vya kaskazini ya Goma na kuacha jiwe jeusi mahali palipokuwa na maelfu ya nyumba. Juu ya hayo kuna vita. Mwezi wa 2 mwaka 2025 kambi zilizozunguka Goma zilivunjwa, na malaki ya watu wakashika barabara ya kurudi makwao, wakiwa na godoro kichwani na sufuria mkononi. Wengi walikuta nyumba imechomwa, au imebaki kuta bila manjanja, au ina mtu mwingine ndani.

Hao nao ni watu wanaorudi nyumbani kutoka ugenini. Na wengi wao, bila mtu yeyote kuwapa jina hilo, walikuwa wajengaji wa kujitolea. Mkongomani aliyekimbilia Uganda, kama amefikia Nakivale au Kyangwali, anapewa kipande cha udongo, miti na shitingi, na nyumba anajijengea. Mjane hawezi kusimamisha nguzo peke yake, mzee hawezi, kwa hiyo vijana wa mstari mmoja wanazunguka, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na malipo ni sahani ya maharagwe. Wamejenga nyumba nyingi kuliko wageni wote waliopita na glovu zao. Hakuna aliyewapa cheti. Hakuna aliyewauliza wamejifunza nini.

Wanaporudi Kivu, ufundi huo unakufa njiani. Kambini kila mtu alikuwa sawa na mwenzake, wote mikono mitupu. Nyumbani kuna huyu aliyebaki na yule aliyekimbia, kuna aliyelima shamba la mwingine, kuna minong'ono ya nani alikuwa upande wa nani. Watu wanaacha kujengeana. Na kuna kidonda kingine cha zamani: neno salongo. Wakati wa Mobutu, salongo ilikuwa kazi ya pamoja kwa jina, kazi ya lazima kwa kweli, na mzee aliyefukuzwa kitandani Jumamosi asubuhi ili afyeke majani ya barabara hatasahau. Hadi leo, chifu akisema watu wakusanyike kujenga, wengi wanasikia fimbo kabla ya kusikia faida. Kosa hilo si la wanainchi.

Lakini kuna kitu ambacho hakikufa, nacho kiko mikononi mwa wamama. Ni likelemba, na siku hizi AVEC, vile vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo viko karibu katika kila kijiji cha Kivu. Wamama ishirini, sanduku moja, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti. Wanajua nani analipa na nani anakimbia. Hawahitaji mtu wa kuwafundisha mfuko unaozunguka, walikuwa nao. Shirika linaloleta mabati kwa lori na kuyagawa kwa orodha iliyoandikwa mjini linapita juu ya vikundi hivyo kana kwamba havipo. Kisha baada ya mwezi manjanja yanaonekana sokoni, na watu wanasema wahami ni wezi wa misaada. Mtu anauza bati kwa sababu hana kiwanja cha kuliweka, au kwa sababu mtoto ana homa. Ni hesabu ya njaa.

Je, mtu asiye na kitu aambiwe alipe nyumba? Wapo wanaokasirika kwa kusikia hivyo, na wana haki. Mjane wa Bushushu aliyepoteza mume na watoto hadaiwi na mtu. Kwake nyumba itolewe bure, na kijiji kimjengee. Lakini kijana mwenye mikono, baba mwenye uwezo wa kulima, mwanamke mwenye meza yake sokoni, wanaweza kulipa, na wengi wangependa kulipa, kwa sababu nyumba uliyoilipa hakuna chifu wala shirika litakalokuja kukukumbusha kila siku kwamba ulipewa. Walipe nini? Si franka, kwa sababu iliyoelezwa hapo juu. Walipe kwa kitu. Aliyejengewa kwa matofali 1000 arudishe matofali 1000 kwa jirani anayefuata, ayafyatue mwenyewe kiangazi. Aliyepewa siku 10 za mafundi arudishe siku 10. Tofali halishuki thamani kama zaire.

Na wageni wanaotaka kujitolea? Waje, hakuna anayewafukuza. Ila kuna vijana mafundi Minova, Kalehe na Uvira wanaokaa chini ya mti bila kazi, huku mtu ambaye hajawahi kushika mwiko anasafirishwa kwa ndege kupanga matofali ambayo fundi atayabomoa usiku na kuyapanga upya. Fuller mwenyewe Mbandaka alianza na kazi ya kutengeneza matofali ya simenti na mchanga, na waliokuwa wakiyafyatua walikuwa watu wa Mbandaka. Mgeni mwenye faida ni yule anayekaa muda wa kutosha hadi anajua bei ya misumari. Au yule anayejua kitu ambacho hakipo: namna ya kuzuia maji mlimani, namna ya kupima kama udongo wa mteremko utashika.

Maana hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, na haizungumzwi vya kutosha. Nyumba nzuri iliyojengwa tena katika njia ya maji ni jeneza lenye paa. Milima ya juu ya Nyamukubi imekatwa miti kwa ajili ya makaa na mashamba, na maji ya mvua hayana kinachoyazuia. Watu wanarudi palepale kwa sababu ndipo penye ziwa, soko na barabara, na kwa sababu kiwanja cha juu kina mwenyewe. Hata baada ya kuona kaburi la pamoja, mtu anarudi, kwani atakwenda wapi?

Kwa hiyo mazungumzo yote ya nyumba yanaishia kwenye kiwanja. Sheria ya 1973 inasema udongo ni wa taifa, desturi inasema ni wa ukoo na chifu, na mhami anasimama katikati na karatasi iliyolowa maji au bila karatasi kabisa. Chifu anaweza kumpa kipande leo kwa maneno na mbuzi, na mwaka kesho mwana wa chifu akakiuza kwa mwenye pesa wa mjini ambaye ana hati ya kuandikishwa kutoka ofisi ya viwanja. Mbele ya hakimu, hati itashinda mbuzi. Nyumba iliyojengwa na wageni, au na majirani, au na malaika, inaondoka na kiwanja chake.

Shirika linalotaka kusaidia kwa kweli lingeweka sehemu ya pesa ya mabati katika karatasi: kupima mipaka mbele ya majirani, kuandika, kulipia hati. Si kazi ya kupiga picha nayo. Hakuna mfadhili anayepanda ndege ili asimame mbele ya dirisha la ofisi akisubiri muhuri. Ila ndiyo kazi ambayo fundi wa Kalehe hawezi kuifanya kwa mikono yake, na ambayo wakubwa wa eneo, wawe wa upande wowote unaoshika ofisi wakati huu, wanaweza kuirahisisha kama wakitaka.

Na jina gani litaandikwa kwenye hati hiyo? Mara nyingi karani anauliza jina la mume, na kama mume amekufa, anauliza jina la kaka wa mume. Sheria ya familia ilirekebishwa mwaka 2016, na mwanamke wa ndoa hahitaji tena ruhusa ya bwana ili atie sahihi. Karani wengi wanajifanya hawajaisikia. Wamama wa AVEC wameisikia. Katika vikundi vyao kila mmoja ana daftari lake lenye jina lake, na siku ya kugawa mwishoni mwa mwaka hakuna anayeitwa kwa jina la shemeji. Mvua za mwezi wa 9 zikianza, wengine wao watakuwa bado chini ya shitingi, na daftari hilo limefungwa ndani ya mfuko wa plastiki ili lisilowe.